Ghala la data sio stoo: maelezo kwa wanaotunza databesi

Ukimwambia mtu mtaani unajenga ghala la data, wa kwanza atadhani unauza bando kwa jumla. Wa pili, huyu yuko ofisini na amesikiasikia mambo, atadhani unaongelea lile jengo lenye seva ndani, AC zinavuma na jenereta limekaa nje. Wa tatu ni DBA mwenzangu, yaani mtunza databesi, na huyu ndo ana shida kuliko wote maana anajua nusu, atakwambia aa si databesi kubwa tu, mi natunza databesi ya terabaiti mbili mwaka wa sita huu, kuna nini cha kujifunza hapo. Mi nilikuwa huyo wa tatu.

Kwahiyo tuweke maneno sawa kwanza. Lile jengo lenye jenereta ni kituo cha data, ni mahali. Databesi ni mfumo unaotunza kumbukumbu kwa mpangilio, iwe MySQL, PostgreSQL, Oracle, SQL Server, yoyote ile. Ghala la data nalo ni databesi, hilo sikatai, ila limepangwa kwa ajili ya kujibu maswali mapana yanayogusa miezi na miaka, na data yake imetoka kwenye mifumo mingine inayofanya kazi za kila siku. Hakuna keshia anayeingiza mauzo kwenye ghala. Mauzo yanaingia kwenye mfumo wa kaunta, alafu baadaye ghala linachukua nakala, linaisafisha, linaipanga upya kwa namna yake.

Chukulia Mangi, mwenye duka wa mtaani kwenu. Ana daftari pale kaunta, mama Salma sukari nusu kakopa, bodaboda vocha ya buku, mtoto wa jirani mafuta ya kupima. Anaandika harakaharaka maana watu wanasubiri, na anachotaka daftari limfanyie ni kuandika mstari mmoja bila kukosea na kumpata mama Salma upesi siku akija kulipa. Sasa usiku mkewe amuulize, hivi kati ya sukari na unga kipi kinatuingizia zaidi tangu Januari? Hapo inabidi afunue kurasa zote, asome mstari kwa mstari, na akiwa anafunua hawezi kumuandikia mteja maana daftari ni hilohilo. Mangi mjanja ana daftari la pili. Jumapili jioni akishafunga anakaa anahamisha, ukurasa wa sukari, ukurasa wa unga, ukurasa wa mafuta, wiki kwa wiki, na pale alipoandika "skr" na "sukr" vyote vinakuwa sukari. Amenakili, amesafisha, na amepanga kwa kufuata swali badala ya kufuata tukio. Hilo daftari la pili ndo ghala, na ile kazi ya Jumapili jioni ndo wenyewe wanaiita ETL, yaani kutoa data ilipo, kuigeuza, na kuipakia.

Mi nilijifunza kwa njia mbaya. Kuna kampuni ya usambazaji niliwahi kufanya kazi, mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, mkurugenzi anataka mauzo ya miaka mitatu kwa kila mkoa kwa kila bidhaa. Nikaandika kweri, yaani swali la kuiuliza databesi, majedwali tisa yameunganishwa, nikabonyeza nikaenda kuchukua chai. Dakika ya nne simu inaita kutoka tawi la Kariakoo, risiti hazitoki, foleni imefika mlangoni, watu wanagomba. Kweri yangu ilikuwa inasoma diski nzima na kufukuza kwenye memori data za leo ambazo kaunta zinazihitaji kila sekunde. Nikaiua. Foleni ikasogea, mkurugenzi hakupata ripoti yake, na mi chai yangu ikapoa.

Hapo DBA wengi tunakimbilia replika, yaani nakala ya databesi inayojisasisha yenyewe kwenye seva nyingine, ripoti zote zipigwe huko. Sio wazo baya na foleni inaisha kweli. Ila replika inakupa majedwali yaleyale tisa, umbo lilelile, uchafu uleule. Mtu akibadilisha jina la bidhaa leo saa tano, replika nayo inabadilisha saa tano, na jinsi ilivyokuwa mwaka jana hujui tena. Alafu replika ya mfumo wa Mwanza haina habari na mfumo wa Mbeya ambao uliandikwa na fundi mwingine kabisa. Bakapu ndo usiseme, bakapu ni ya siku ya msiba, haiulizwi maswali.

Bill Inmon, Mmarekani ambaye wengi wanamwita baba wa haya mambo, kwenye kitabu chake cha 1992 alisema ghala lina sifa nne: limepangwa kwa mada, data yake imeunganishwa, inabeba muda, na ikishaingia haibadilishwibadilishwi. Wazo lenyewe lilikuwepo kabla, Barry Devlin na Paul Murphy wa IBM walishaliandikia 1988, ila hizo sifa nne ndo zimebaki vichwani mwa watu. Kwa mada maana yake ni kwamba mambo yanakaa kwa wateja, bidhaa, mauzo, sio kwa programu ya kaunta na programu ya uhasibu. Kubeba muda ni kwamba unaweza kuuliza ilikuwaje Juni 2021. Kutobadilishwa ni kwamba hakuna mtu anaingia kufuta mstari kwa sababu kaota.

Ila hiyo ya kuunganishwa naomba tukae nayo kidogo, ndo inayoua miradi. Tawi la Mwanza bidhaa namba 001 ni sukari. Kariakoo 001 ni mafuta ya kula. Mbeya hawana namba, wanaandika jina, tena kila keshia na spelingi yake. Ghala linabidi litoe namba zake lenyewe, mpya, zisizo na maana nyingine yoyote, na litunze orodha ya kwamba 001 ya Mwanza ni 207 yetu na 001 ya Kariakoo ni 311 yetu. Hiyo bado ni rahisi. Ngumu ni neno "mauzo". Mhasibu akisema mauzo anamaanisha baada ya kutoa VAT na mzigo uliorudishwa. Watu wa masoko wanamaanisha oda iliyosainiwa. Watu wa stoo wanamaanisha kilichotoka getini. Namba tatu, zote za kweli, zinafika mezani kwa bosi siku moja na kila idara inadhani nyingine inadanganya. Hakuna indeksi, ile orodha ya kutafutia haraka ndani ya databesi, inayotibu hiyo. Ni vikao, na DBA ambaye amezoea kukaa na seva yake kimya inabidi aingie kwenye hivyo vikao aulize maswali ya kijinga mpaka watu waandike maana kwenye karatasi.

Kama uko Tanzania au Kenya na umewahi kufanya kazi karibu na sekta ya afya, ghala umeshaliona bila kujua. Kituo cha afya kinaandika wagonjwa kwenye rejista, huku kwetu vile vitabu vya MTUHA, mgonjwa mmoja mstari mmoja. Mwisho wa mwezi jumla zinafanywa na kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioanzia kwa watu wa Chuo Kikuu cha Oslo na sasa unatumika nchi nyingi. Sasa kuna lalamiko la kila siku, "nimeingiza data lakini kwenye chati haionekani". Haijapotea. DHIS2 ina majedwali ya kuingizia na ina majedwali mengine ya uchambuzi ambayo yanatengenezwa upya kwa ratiba, mara nyingi usiku, na chati zinasoma hayo ya pili. Ni daftari la Jumapili la Mangi, basi tu hapo limevaa suti.

Sasa tuingie ndani, jinsi linavyopangwa.

Chuoni tulifundishwa kwamba kila kitu kiandikwe sehemu moja tu, jina la mkoa likae kwenye jedwali la mikoa, wilaya kwenye la wilaya, duka linaelekeza kwenye wilaya, wilaya inaelekeza kwenye mkoa. Ni sahihi kabisa kwa mfumo wa kaunta, ukirekebisha sehemu moja umerekebisha kote. Kwenye ghala tunafanya kinyume na DBA mzoefu roho inamuuma. Ralph Kimball, kwenye kitabu chake cha 1996, ndo alilisambaza sana hili umbo linaloitwa nyota: katikati jedwali moja refu la matukio, pembeni majedwali mafupi mapana ya maelezo. Jedwali la matukio lina namba tu, kitu kama tarehe 20250331, duka 14, bidhaa 207, vipande 12, shilingi 36000. Jedwali la duka lina kila kitu cha duka kwenye mstari mmoja, jina, kata, wilaya, mkoa, kanda, ukubwa, na neno "Mwanza" litajirudia kwenye mistari arobaini na hamna tatizo. Kwenye ghala haandiki mtu mwenye haraka, inaandika programu moja usiku, kwahiyo ile hofu ya marudio kupishana inapungua sana. Na yule mchambuzi anaunganisha majedwali mawili badala ya tisa.

Kabla hujachora chochote, jibu swali moja: mstari mmoja wa jedwali la katikati ni nini? Ni risiti moja? Ni bidhaa moja ndani ya risiti? Ni jumla ya duka kwa siku? Tushasema ghala, basi mi hii naiita punje. Ukichanganya punje mbili kwenye jedwali moja, mstari wa risiti na mstari wa jumla ya siku pamoja, umemwaga mahindi na mchele gunia moja, atakayejumlisha atapata namba mara mbili ya ukweli na hatajua kwanini. Chagua punje ndogo kabisa unayoweza kumudu. Kutoka ndogo unaweza kupanda kwenda jumla, kutoka kwenye jumla huwezi kushuka.

Na sio kila namba inajumlishwa. Chukua wakala wa pesa kwenye simu, floti yake Jumatatu jioni laki tano, Jumanne laki tano, Jumatano laki tano. Ukijumlisha siku tatu unapata milioni moja na nusu ambayo haijawahi kuwepo mfukoni mwa mtu yeyote. Salio unaweza kulijumlisha kwa mawakala wote kwa siku moja, lakini kwa siku nyingi unachukua la mwisho au wastani. Nimeona ripoti zenye kosa hili zikipigiwa makofi.

Haya, historia. Januari 2016 mkoa wa Songwe ulitangazwa, ukatolewa Mbeya. Duka lako la Tunduma lililala Mbeya likaamka Songwe bila kuhama hata hatua moja. Ukiingia kwenye jedwali la duka ukabadilisha "Mbeya" kuwa "Songwe" basi, mauzo yote ya tangu 2012 yanahamia Songwe, na ripoti ya Mbeya ya 2014 uliyomtumia bosi haitafanana tena na ukiichapa leo. Usipobadilisha, Songwe haipo kabisa. Njia ya ghala ni kufunga mstari wa zamani na kufungua mpya: duka lilelile mistari miwili, mmoja una Mbeya na tarehe ya mwisho, wa pili una Songwe na tarehe ya kuanza, kila mmoja na namba yake ya ghala. Mauzo ya 2014 yanaelekeza kwenye wa kwanza, ya 2018 kwenye wa pili. Unatunza pia namba ya asili ya duka ili ukitaka kuliona kama duka moja uweze. Geita, Njombe, Katavi na Simiyu walipoanzishwa 2012 ilikuwa kasheshe hiyohiyo, na Kenya walipotoka kwenye mikoa 8 kwenda kaunti 47 ndo kabisa. Mtu anakwambia mauzo ya Mbeya yameshuka 2016, anataka kumfukuza meneja, kumbe ni mpaka tu umesogea.

Jedwali la tarehe nalo watu wanalidharau, wanasema tarehe si ipo tu kwenye kolamu. Litengeneze. Miaka kumi ni mistari elfu tatu mia sita na kitu, 2016 mpaka 2025 ni 3653, haijazi hata kiganja. Kila siku unaiandikia ni siku gani ya wiki, robo ya ngapi, mwaka wa fedha upi (wa serikali unaanza Julai mosi, usiache programu ya nje ikuamulie), sikukuu au sio, na Ramadhani au sio. Hiyo ya Ramadhani usiipuuze kama unauza tende, sukari au nguo. Mwezi unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, Idi ya 2023 ilikuwa Aprili baada ya tarehe 20, ya 2025 ikaangukia mwisho wa Machi, sasa ukilinganisha Aprili na Aprili utasema biashara imekufa.

Na saa, jamani. Seva nyingi zinawekwa saa ya UTC, ile saa ya kimataifa, sisi tuko mbele kwa masaa matatu. Kitu kilichouzwa kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku kinaandikwa siku ya jana. Baa ya mkesha wa mwaka mpya mauzo yake ya usiku huo yanaweza kuhamia mwaka uliopita kwa kosa hilo. Alafu kuna fomu za mkono zinazoandikwa "saa 2:00" na aliyeandika alimaanisha asubuhi, na kompyuta ikaelewa usiku wa manane. Lazima kanuni ya kugeuza iwe imeandikwa mahali, isikae kichwani mwa mtu mmoja ambaye kesho ataacha kazi.

Tufike kwenye kupakia, hapa ndo DBA unajisikia nyumbani. Data ikitoka matawini isiingie moja kwa moja kwenye nyota, weka kibaraza cha kushushia, majedwali ya muda ambayo hakuna mchambuzi anayaona, unakagua hapo kwanza. Tarehe ya mauzo itofautishe na tarehe data ilipofika, maana kuna tawi litakatika mtandao Ijumaa na kuleta mzigo wake Jumatatu. Na hakikisha kupakia siku moja mara mbili hakubadilishi kitu. Mi sikuhakikisha. Umeme ulikatika usiku wa kuamkia Jumamosi kazi ikiwa katikati, ukarudi, kazi ikajianza upya yenyewe, Jumatatu mkurugenzi ananipigia kwa furaha kwamba Ijumaa tumevunja rekodi. Tulikuwa tumevunja kanuni ya kwanza ya kupakia. Dawa yake ni ya kijinga kabisa, kabla ya kuingiza siku ya Ijumaa futa Ijumaa yote iliyopo, alafu ingiza, vyote ndani ya muamala mmoja, yaani vifanyike vyote au kisifanyike hata kimoja.

Kitu kingine kinachowashangaza ma-DBA ni kolamu. Databesi za kawaida zinahifadhi mstari mzima pamoja, vizuri sana kwa kumpata mama Salma. Databesi nyingi za ghala kama BigQuery, Redshift, Snowflake na ClickHouse zinahifadhi kila kolamu peke yake. Jedwali lina kolamu 40, swali linahitaji 3, zinasomwa 3 tu. Tena kolamu moja ina vitu vinavyofanana kwahiyo inabanwa sana, badala ya kuandika Mwanza mara mia tano inaandika "Mwanza, mara 500". Gharama yake ni kwamba kurekebisha mstari mmoja mmoja ni mateso, ndo maana hutaki kuziweka kaunta. Na ile tabia ya kumwaga indeksi kila kolamu iache mlangoni, huku kinachosaidia ni kugawa jedwali kwa mwezi ili swali la Machi lisome Machi.

Kuna ugomvi wa muda mrefu, Inmon na Kimball, kama Simba na Yanga vile. Inmon anasema jenga ghala kuu la kampuni kwanza, lisilo na marudio, alafu idara zipate vighala vyao kutoka hapo. Kimball anasema anza na shughuli moja, jenga nyota yake, ila majedwali ya maelezo yawe ya pamoja ili nyota ya pili iungane na ya kwanza. Kwa kampuni ya watu wawili wa IT na bosi asiye na subira, mi nasema Kimball, usisumbuke. Benki kubwa yenye mifumo thelathini ni habari nyingine.

Wale wanaosema nunua huduma ya wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni, umemaliza, wamenunua shelfu. Shida za Songwe na Mbeya watazikuta hukohuko juu. Na wanaosema DBA kazi imekwisha, waulize nani atagawa ruhusa. Ghala linakusanya simu na majina ya wateja wote sehemu moja, kitu ambacho hakikuwahi kuwepo sehemu moja, na sheria za taarifa binafsi zipo, Kenya tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Mchambuzi wa mauzo hahitaji namba ya simu ya mtu, mpe namba ya ghala inatosha.

Ukitaka kuanza, hauhitaji bajeti. Weka PostgreSQL kwenye laptop, au DuckDB ambayo ni bure na inafungua faili la CSV moja kwa moja. Chukua risiti za mwezi mmoja za duka la mtu unayemjua, na ruhusa yake. Andika sentensi moja ya punje. Tengeneza jedwali la tarehe, la bidhaa, la duka, na la matukio. Hamisha duka moja mkoa katikati ya mwezi uone kama ripoti ya wiki ya kwanza inabaki vilevile. Alafu pakia siku ileile mara mbili, na kama jumla imebadilika rudi kwenye ule mstari wa kufuta.